Mama Pindo na Kopo la Vidonge

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae. Ni saa tatu na dakika tano asubuhi, na hiki ndicho kipindi chetu cha kuwakumbuka walioondoka. Kwa kawaida nafungua kwa upole. Leo mtanisamehe. Leo nimekuja na hasira zangu, na sikuziacha mlangoni.

Tunayemkumbuka ni fundi cherehani. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Wateja wake walimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo alilolikunja yeye halikufumuka. Mimi nilimwita wifi, maana alikuwa mke wa kaka yangu mkubwa, na mnajua mambo ya mawifi. Tumegombana miaka ishirini na saba, na sioni kwa nini niache leo.

Mama Pindo alifariki wiki mbili zilizopita. Alifariki kwa ugonjwa wa njia ya mkojo. Narudia, kwa sababu kila ninayemwambia ananiuliza mara mbili. Ugonjwa wa njia ya mkojo, huu huu mnaouita UTI, huu ambao watu wanautaja huku wanacheka. Ulimuua kwa sababu haukusikia dawa. Vijidudu vilikuwa vimezizoea dawa zote zilizokuwapo karibu.

Na kuna jambo la pili ambalo lazima mlijue mapema. Binti yake, ambaye sasa ndiye anayeendesha karakana, ana maambukizi yale yale. Maabara imethibitisha, ni vijidudu vile vile. Kwake yeye imebaki dawa moja tu ya kumfaa, nayo ni ya sindano, moja kila siku kwa siku saba. Jana alichomwa ya nne. Leo ni ya tano. Chumba cha sindano pale kliniki kinafungwa saa nne kamili asubuhi. Mwenyewe ameniruhusu niyaseme haya, ingawa aliniruhusu huku amenuna.

Basi tuanze alikotoka mama mtu. Alizaliwa wa nne katika nyumba ya watoto sita, na baba yake alikuwa fundi wa kupaka rangi. Akiwa na miaka minane alichukua wembe, akalifumua gauni lake la shule, mshono kwa mshono, ili aone limeungwaje. Kulifumua aliweza. Kulirudisha hakuweza. Mdogo wake wa kike alinisimulia pale msibani: "Kesho yake alikwenda shule amefunga sweta kiunoni ndiyo sketi. Mwalimu akamrudisha nyumbani. Mama akampeleka kwa shangazi yetu afundishwe kushona, akasema huyu tukimwacha atafumua mpaka mapazia." Ndivyo alivyoanza. Miaka minane, sindano na uzi.

Kaka yangu alimpata kwa suruali. Alipeleka suruali ipunguzwe urefu, akamwona fundi, akachanganyikiwa. Kesho yake akairudisha, eti bado ndefu. Siku ya tatu akairudisha tena. Wifi alikunja na kukata mpaka suruali ikapita vifundo vya miguu ikipanda juu. Ndipo akamwambia, "Kaka, kitambaa kimekwisha. Kama una la kusema, sema. Ukirudi tena nakushonea kaptura." Kaka yangu akasema. Suruali ile ipo kabatini hadi leo. Wifi alikataa isitupwe, akasema kitambaa chake bado kizima.

Mama Pindo hakutupa kitu. Hilo lishikeni, kwa sababu ndilo lililomjenga na ndilo lililomwondoa. Karakana yake ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Cherehani kumi na moja, meza ya kukatia, meza ya pasi, redio dirishani. Walishona sare za shule. Kitambaa kilichobaki kwenye mashati kilikuwa mifuko ya mashati. Kilichobaki kwenye mifuko kilikuwa kishikio cha pasi. Vifungo vilikaa rafuni kwenye makopo ya maziwa ya unga, kwa ukubwa na kwa rangi, na kila kopo lilikuwa na kibandiko cha kitambaa kilichoandikwa kwa uzi wa mashine. NYEUPE KUBWA. NYEUPE NDOGO. BLUU. ZIPU. Kopo la mwisho kabisa liliandikwa MKOJO.

Nitawaeleza lilivyofika hapo. Sare hushonwa kwa mstari. Mmoja anashona kola, wa pili anatia mikono, wa tatu anaunga ubavuni, wa nne anapiga vifungo. Mmoja akiinuka, kazi inamrundikia mahali pake na wanaomfuata wanakaa bure. Choo chenyewe kilikuwa upande wa pili wa uwanja. Kimefungwa kwa kufuli. Ufunguo anao mlinzi wa duka, ameufunga kwenye kipande cha mbao usipotee. Na mlinzi yule, kila mwanamke alipokwenda kuuomba, alikuwa na neno moja la kumwambia: "Tena?"

Nimemfuata yule mlinzi, nikamuuliza. Akaniambia alikuwa anatania tu. Sawa, baba, ulikuwa unatania. Lakini wanawake kumi na mmoja waliacha kunywa maji kazini kwa sababu ya hiyo "tena" yako. Walikunywa chai nyumbani asubuhi, basi, mpaka jioni. Mkojo wakaubana. Mkojo ukibanwa mchana kutwa, siku baada ya siku, na maji ya kusafisha njia hayapo, vijidudu vinapata makazi. Haukupita mwezi bila mmoja wao kulalamika. Anachomwa akikojoa, tumbo la chini linamuuma, anakwenda chooni anatoa matone mawili.

Wa kwanza kuugua alikwenda zahanati. Akapewa dozi ya siku saba. Siku ya tatu maumivu yakaisha. Vidonge vilivyobaki vitupwe? Katika karakana ya Mama Pindo? Vikaingia koponi. Wa pili alipougua hakwenda zahanati. Aende kufanya nini, na dawa iko rafuni? Akameza siku mbili, akapata nafuu, akavirudisha vilivyobaki ili mwenzake naye akiugua avikute. Waliona huo ndio utu. Mtu aliyevimeza vyote mpaka mwisho alionekana mchoyo. Nalirudia hili, kwa sababu nilipolielewa liliniuma. Katika karakana ile, kumaliza dozi kulikuwa ni uchoyo.

Kopo likapata umaarufu. Wateja nao wakaanza kuleta. Vilikuja vidonge vya kifua, vya jipu, vya sikio la mtoto, vingine havihusiani na mkojo hata kidogo. Wifi alivipanga kwa rangi kama alivyopanga vifungo. Vyeupe vikishindwa, mgonjwa anahamia vya njano. Vya njano vikishindwa, anapewa vile vyenye wekundu na weusi. Kuna mpiga pasi pale, mama mmoja asiyemung'unya maneno, aliniambia hivi: "Wifi yako alikuwa anakuangalia usoni, anakwambia, wewe ni wa njano. Na sisi tunameza. Daktari alituona dakika mbili. Yeye alijua hata vipimo vya viuno vyetu."

Sasa nije kwangu, msije mkadhani nimekaa pembeni nanyooshea watu kidole. Mwaka juzi, katika studio hii hii, nilimhoji daktari kuhusu usugu wa dawa. Nusu saa nzima. Akaeleza vizuri sana. Akasema dawa za kuua bakteria zikitumiwa kwa kubahatisha, vijidudu dhaifu vinakufa, vile vigumu vinabaki, vinazaana, na vizazi vyake vinakuwa vigumu hivyo hivyo. Nikatikisa kichwa. Nikasema, wasikilizaji mmejionea. Wiki ile ile nilikuwa nimeng'oa jino na nimebakiwa na vidonge sita. Jumamosi nikapita karakana kuchukua gauni langu, nikafungua mkoba, nikampa wifi vile vidonge sita kwa mkono wangu huu. Akafurahi. Akasema, "Ndiyo maana nakupenda, wifi. Redioni unatusumbua, lakini mkono wako mwepesi." Sina utetezi. Ningelificha hili, nisingestahili kukaa kwenye kiti hiki.

Mwaka jana wifi aliugua UTI mara nne. Mara zote nne alijitibu koponi. Mara zote nne aliacha alipopata nafuu. Mara ya tano ni wiki tatu hivi zilizopita, karakana imejaa kazi, shule zinakaribia kufunguliwa. Kaka yangu anasema, "Nilimwambia, mke wangu, twende hospitali. Akaniambia, sawa, ila kaa hapo kwanza unishonee hizi kola mia mbili. Mimi kushona sijui. Tukaishia hapo." Akameza vya njano siku mbili. Havikusaidia. Akahamia vyekundu. Siku ya nne, saa nane mchana, akaanza kutetemeka akiwa kwenye mashine, na mshono ukaenda upogo. Mpiga pasi anasema hapo ndipo walipojua hali ni mbaya. Homa walikuwa wameiona tangu asubuhi. Mshono wa Mama Pindo kwenda upogo walikuwa hawajauona maishani mwao.

Walipomfikisha hospitali, vijidudu vilikuwa vimeshapanda kutoka kwenye kibofu mpaka kwenye figo, na kutoka kwenye figo vimeingia kwenye damu. Akaanzishiwa sindano za kawaida. Mkojo na damu vikapelekwa maabara kuoteshwa, yaani vijidudu vikuzwe, halafu vijaribiwe ni dawa gani inaviua. Kazi hiyo inachukua siku. Hakuna anayeweza kuviharakisha viote, hata awe nani.

Siku ya pili daktari akamuuliza, "Mama, umewahi kutumia dawa gani za ugonjwa huu?" Wifi akajibu, "Zote." Daktari akadhani ni homa inayosema. Wifi akamtuma binti yake karakana, akalete kopo. Likaletwa. Akaliweka mapajani, akafungua kifuniko, akamsogezea daktari. "Chagua, mwanangu," akamwambia. "Humu haikosekani moja." Alikuwa anataka kusaidia, mnanielewa? Alikuwa anamrahisishia kazi. Binti anasema yule daktari alilitazama kopo, akasema asante mama, akatoka. Alipomfuata alimkuta ameegemea ukuta wa korido, miwani ameivua.

Siku ya tatu majibu yakatoka. Dawa kumi na mbili zilijaribiwa. Kumi zilishindwa. Kumi kati ya kumi na mbili, wasikilizaji. Katika mbili zilizobaki, moja ingezimaliza figo ambazo tayari zilikuwa zimechoka. Ikabaki moja, na hiyo moja haikuwapo stoo ya hospitali. Ikatafutwa, ikapatikana hospitali nyingine, akachomwa siku ya nne asubuhi. Siku ya tano, saa sita mchana, Mama Pindo akafariki. Kaka yangu alikuwa amemshika miguu, kwa sababu alilalamika inamganda. Maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka alimwambia binti yake, "Zile kola msisahau kuzigeuza." Nililia siku ile, na nilikuwa nimemkasirikia mpaka nikashindwa kumwombea vizuri. Bado nimemkasirikia.

Baada ya mazishi nilikwenda kumwona mtaalamu wa maabara aliyesoma vile vipimo, mwanamke wa makamo, mchovu. Nikamuuliza kosa ni la nani. Akanijibu, "Dada, mimi kazi yangu kuotesha. Kila wiki naotesha, na kila wiki naandika haifai, haifai, haifai. Watu wanakuja kwangu wakishamaliza kubahatisha. Wangekuja mwanzo, mkojo kidogo tu kwenye kikopo ungetosha." Akageukia kazi yake. Nilitaka kumuuliza mengine, lakini alikuwa na vikopo arobaini vinamsubiri.

Jumatatu iliyofuata kaka yangu alikwenda karakana. Huyu ni mtu ambaye nyumbani kwetu tulimtania kwamba akikanyagwa yeye ndiye anayeomba radhi. Alibeba nyundo. Akavuka uwanja, akaivunja ile kufuli ya choo mbele ya mlinzi, akamrudishia kipande chake cha mbao. Tangu siku ile choo kiko wazi, na kwenye kila cherehani pana chupa ya maji. Ilichukua dakika moja, wasikilizaji. Miaka yote hiyo, na dawa ya kwanza ilikuwa dakika moja ya nyundo.

Mafundi wote walipelekwa kupimwa. Wanne walikutwa na maambukizi. Kwa watatu, vidonge bado vinafaa. Kwa binti yake Mama Pindo hakuna kidonge, na ile dawa inayomaliza figo madaktari wamekataa kumpa, kwa hiyo ni ile sindano niliyowatajia. Tatu za kwanza alikwenda bila kusukumwa. Baada ya ile ya tatu alikuja kwangu alasiri, akakaa, akanywa chai yangu, akaniambia, "Shangazi, mimi nimepona. Haichomi tena. Kwa nini hizi nne zilizobaki wasimpe mtu mwingine mwenye shida?"

Nilimtazama. Mama yake hata arobaini hazijatimia, na maneno ni yale yale, upole ni ule ule, sauti tu ndiyo changa. Nilimjibu maneno ambayo mhariri wangu hataniruhusu niyarudie hewani. Akaenda ya nne.

Wasikilizaji wapendwa, muda wetu unayoyoma, na nilitaka sasa nitoe salamu za rambirambi, lakini fundi mitambo ananipungia mkono. Kuna simu. Ni kutoka karakana. Haya, iwekeni.

Ni mpiga pasi. Mmemsikia? Anasema, "Dada, tunakusikiliza hapa, lakini mtoto bado yuko kwenye mashine. Anasema amalize kola hizi kwanza."

Amalize kola hizi kwanza.

Sasa ni saa tatu na dakika thelathini na tisa. Kutoka karakana mpaka kliniki ni dakika kumi kwa miguu. Mwanangu, najua redio iko hapo dirishani, na najua unanisikia, kwa hiyo usijifanye kuinamia kazi. Mama yako hakuacha dawa akiwa anaumwa. Kila mara aliacha akiwa amepona. Na wewe umepona, na ndiyo maana naogopa. Ukiikosa ya tano, utakuwa umeviacha vile vijidudu vigumu peke yavyo, na baada ya sindano hii huna nyingine. Hakuna ya njano. Hakuna nyekundu. Nilimuuliza yule mama wa maabara mara mbili, akanijibu mara mbili kwamba hakuna. Inuka.

Na wewe unayetia mikono, usizingojee hizo kola. Wewe wa vifungo, ondoa mguu kwenye mashine. Mstari wote usimame. Mpiga pasi, chomoa umeme ikibidi, lawama nitazibeba mimi. Watoto wataingia shule na kola za mwaka jana, na hakuna mtoto atakayelazwa kwa ajili hiyo.

Tunapongoja, nitoe pole. Kwa kaka yangu, ambaye bado anamwandalia mkewe kikombe asubuhi halafu anakirudisha kabatini. Kwa mdogo wa marehemu na ndugu zake wote. Kwa mafundi wa karakana ile, ambao wamempoteza mama, na ambao nawaomba wasijione wauaji. Walikuwa wanapendana. Hawakuambiwa mapema na mtu waliyemwamini, na mmoja wa waliotakiwa kuwaambia ni mimi.

Na ninyi mnaonisikiliza, najua mna droo. Ina vidonge vitatu vya yule, vitano vya huyu, kibandiko kimefutika. Vitoeni leo, mvipeleke kwa mfamasia aviteketeze. Msimpe jirani, hata akiwaomba kwa machozi. Mpelekeni akapime. Mkiandikiwa dawa, mezeni kama mlivyoandikiwa, na mkiona imewashinda rudini mseme. Na wenye majengo, jamani, funguo za vyoo mnazificha za nini? Fikirini kidogo. Mimi nimefikiri nikiwa nimechelewa.

Simu tena. Ngoja, ngoja. Anasema, "Dada, ametoka. Anakimbia. Tepu ya kupimia bado iko shingoni."

Asante. Waambie wasimwite arudi kuivua. Wifi, popote ulipo, mtoto wako ameziacha kola mezani na amekwenda.